Kwa Nini Tunachota Maeneo Kwenye Sufuria

Asubuhi moja nilitumwa maji, nikaweka mtungi chini kando ya kijito, nikaondoka. Sikuwa nimegombana na mtu. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha kwanza kwa sababu ya karo, sababu ambayo kila mtu nyumbani aliikubali haraka, hata mimi. Tangu hapo nilikuwa nikilitazama lori la kahawa likipanda mlima wetu kule Gatanga na kujiuliza linaenda wapi. Siku hiyo nililifuata. Lori lenyewe lilinipotea mapema, lakini barabara ilibaki, nayo ikanifikisha Thika.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaobaki ofisi ya Mwiki. Siku mliyoniaga, mmoja wenu, simtaji, aliniuliza, "Anti Njeri, kwani hatuwezi kupangiwa maeneo na kompyuta kama watu wengine? Hii ya kuchota makaratasi kwa sufuria ni kama tunacheza bahati nasibu." Nilikuwa na keki mdomoni, sikujibu. Jibu ni refu kidogo. Vyeo na mishahara nitavipita, kama wafanyavyo wazee wanaojisimulia, isipokuwa pale vitakapokataa kupitwa.

Thika ilikuwa na kazi kwa mtu asiyechagua. Nilipanga mananasi kiwandani, nikashona magunia, nikachuma kahawa mashamba ya Ruiru msimu ulipofika, nikauza chai na mandazi kwenye lango la kiwanda cha nguo. Kazi mpya nilizipenda sana hadi nilipozielewa. Nikishaelewa jambo linavyokwenda, miguu ilianza kuniwasha. Mahali nilipodumu kidogo ni gereji ya Bwana Singh, Kalasinga mkimya aliyetengeneza pikipiki karibu na reli. Nilimwoshea vyuma kwa mafuta ya taa. Alinifundisha kuendesha kwa sababu alichoka kurudisha pikipiki za wateja yeye mwenyewe. "Vunja klachi, nunua klachi," aliniambia siku ya kwanza, akaenda kunywa chai. Hayo ndiyo yalikuwa masomo yote, na sijawahi kuvunja klachi.

Usiku nililala Kiandutu, mtaa wa mabanda pale Thika, katika chumba cha mabati ambacho jirani akigeuka kitandani wewe ndiye unayeamka.

Kampuni yetu ilikuwa imefungua ofisi ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Nilipanda ngazi siku moja kuuza mandazi, nikakuta kina mama wamejaa kwenye mabenchi, kimya, kama watu walio hospitali. Nilitaka kujua wanasubiri nini. Walikuwa wanasubiri mikopo. Nikataka kujua mtu asiye na shamba wala gari anaaminiwaje na pesa za watu. Wiki iliyofuata niliomba kazi ya kupika chai pale ili nijue vizuri, na sikuondoka tena hadi mwaka huu. Walionijua zamani bado hawaamini.

Aliyenijibu lile swali ni Wairimu. Alikuwa afisa wa mikopo wa kwanza kuajiriwa pale, mwanamke mrefu, mjane, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wanyamaze wamsikie. Kina mama walimwita Mama Shiku kwa jina la bintiye. Aliposikia ninakoishi, aliniita kutoka jikoni.

"Njia za Kiandutu unazijua?"

"Zote. Hata zile za kupita upande."

"Wacha hiyo birika, twende."

Kwa wageni wa kazi hii nieleze kidogo. Kina mama walijiunga katika vikundi, wakakutana kila wiki, na kila mmoja akawa mdhamini wa mwenzake. Mmoja akishindwa kulipa, wengine humlipia, kwa hiyo kikundi chenyewe ndicho kilichochunguza nani anafaa. Vifaa vya afisa vilikuwa raba za miguuni, mwavuli, kidau cha wino wa dole gumba, na mfuko ambao Wairimu alinionyesha namna ya kuushona ndani ya sketi, maana pesa za simu hazikuwa zimefika. Mwavuli ulikuwa kwa ajili ya mbwa zaidi kuliko mvua.

Alifundisha akitembea, bila kugeuka nyuma, na ilibidi umkaribie ili usikie. "Enda mara mbili," alisema. "Mara moja umewaambia unakuja, mara ya pili hujawaambia." Duka linaweza kujaa siku mtu wa mkopo anapotembelea, sukari hadi darini, na jioni kila bidhaa ikarudi kwa jirani aliyeiazima. "Usikae kiti kizuri, hicho ni cha mwenyewe. Chai kunywa baada ya mkutano, si kabla. Na ukiona kufuli mpya kwa mlango mzee, uliza nani anahama."

Kesi ngumu zilikuwepo. Mwanamke mmoja, muuzaji wa mboga, aliacha kuja mkutanoni. Tulipomfuata tulikuta mumewe ameuza mkokoteni wake, mkokoteni uliokuwa umenunuliwa kwa mkopo wetu. Nilidhani tutachukua redio yao kufidia deni. Wairimu alimwomba tu yule mume aje mkutano wa wiki hiyo.

"Karibu baba," alimwambia mbele ya kina mama wote. "Kabla hujakaa, hapa tunasalimiana kwa mkono, kila mtu na jina lake."

Yule mume akaanza kuzunguka. Alipofika katikati ya duara jasho lilikuwa linamtoka. Mama mmoja mzee alimshika mkono akakataa kuuachilia.

"Habari ya mkokoteni?" akamuuliza.

"Mzuri... yaani, uko kwa fundi."

"Fundi akimaliza utuambie. Tutakuja kuulaki."

Ulirudi kabla ya mkutano uliofuata. Sijui aliununua tena kwa pesa gani, na Wairimu alinikataza kuuliza, mimi ambaye huuliza kila kitu.

Baada ya muda nilipewa vikundi vyangu mwenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kuona jinsi ofisi ilivyogawanywa. Kulikuwa na maeneo ya aina mbili. Ya miguu yalikuwa Kiandutu na mitaa ya karibu, yenye vikundi vya mikopo midogo. Ya pikipiki yalikuwa Theta na mashamba ya mbali, na humo ndimo walimokuwa wakulima wakubwa, wenye maduka ya jumla na watu wa kujenga nyumba za kupangisha. Wanawake tulipewa miguu. Wanaume walipewa pikipiki. Hakuna aliyekuwa ameandika hivyo popote. Ukiuliza, uliambiwa ni kwa usalama wenu, au kina mama wa vikundi wanawazoea ninyi, au pikipiki ni nzito.

Hapa mshahara umekataa kupitwa. Mshahara wa mwezi ulikuwa sawa kabisa, na Bwana Gitau, meneja wetu wa Thika, alipenda kuwaambia wageni hivyo. "Hapa kwetu hakuna mambo ya mwanamume na mwanamke." Lakini juu ya mshahara kulikuwa na komisheni, na komisheni ilifuata ukubwa wa mkopo. Mwanamume mwenye wateja wachache wa Theta alinunua ploti wakati Wairimu, aliyebeba nusu ya Kiandutu na hajapoteza mkopo hata mmoja, alikuwa akipanga chumba na sebule. Gitau hakuwa mtu mbaya. Alilikuta jambo hilo likiwa hivyo, likamfaa, akaliacha.

Halafu kulikuwa na desturi yetu, ambayo sijaisikia kwa watu wengine. Kila kijana mwanamume aliyeajiriwa alianza kwa kumfuata Wairimu kwa miguu miezi kadhaa, ajifunze. Akishajua kazi anapewa pikipiki. Akishakaa na pikipiki anapewa ofisi mahali fulani, awe meneja. Siku ya kumuaga tulimfanyia sherehe: nyama, pilau, soda. Na aliyemfundisha ndiye aliyetoa neno la shukrani. Wairimu alisimama, akashika ncha za kitambaa chake cha kichwa, akasema, "Kwanza namshukuru Mungu. Pili namshukuru meneja wetu mpya. Tatu nawashukuru waliopika." Kwa kawaida waliopika walikuwa yeye na mimi, kwenye sufuria yake kubwa aliyoileta kutoka nyumbani.

Nilimuuliza mara moja tukiisugua ile sufuria nyuma ya ofisi. "Mama Shiku, hotuba unaiandika wakati gani?"

"Hotuba ni ile ile. Nabadilisha jina tu."

Ikatangazwa kwamba kampuni itafungua ofisi Ruiru na inatafuta meneja. Wairimu aliomba. Hakuwa ameomba nafasi yoyote kabla ya hapo. Alikuwa amebakisha miaka michache astaafu, na pensheni yetu ilipimwa kwa mshahara wa mwisho. Ruiru ndiyo ingekuwa tofauti ya kuzeekea kwake mwenyewe au kuzeekea kwa mkwe. Aliniambia hivyo bila kupunguza mwendo, tukivuka mtaro.

Gitau alimpokea vizuri. "Mama, shida ni moja tu. Ruiru imetawanyika. Meneja lazima awe na leseni ya pikipiki."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, mama."

Alitoka ofisini akaja moja kwa moja kwenye meza yangu. "Wewe Njeri. Si uliniambia ulikuwa kwa Kalasinga?"

Bwana Singh alituazima pikipiki kuukuu, akasema maneno yake ya klachi, akaongeza kwamba safari hii bei imepanda. Jumapili baada ya kanisa tuliisukuma hadi uwanja wa mpira kando ya Kiandutu. Wairimu alikuwa amevaa suruali ya marehemu mumewe ndani ya gauni. Tulidhani tutakuwa peke yetu. Vikundi vyake karibu vyote vilikuja, na viti.

"Mama Shiku, shika na imani!"

"Usimsumbue, anaendesha mkopo!"

"Breki iko wapi, Mama Shiku?"

"Ningejua ningeishika!" alijibu, akapita katikati ya milingoti ya goli huku watoto wakipiga kelele za bao. Pikipiki ilizimika kwenye nyasi. Alikaa juu yake akiwa wima kabisa, akapangusa miwani.

"Haiya," akasema. "Hii kitu ni tamu. Na hawa wanaume walituambia ni nzito."

Alianguka mara kadhaa Jumapili zilizofuata, akachubuka kiwiko, akapata leseni. Aliiweka mbele ya Gitau, na Gitau akampongeza kwa mikono miwili.

Intavyu ilifanyika ofisini kwetu, mlango ukiwa wazi kwa sababu ya joto, na mimi niliyekuwa zamu ya mapokezi nilisikia kila kitu. Walikuwa wanaume watatu. Waliuliza habari za kazi, akajibu, wakacheka naye. Kisha mmoja akauliza, "Mama, umewahi kusimamia mkopo mkubwa?"

"Mikopo mikubwa iko maeneo ya pikipiki."

"Na umewahi kuwa eneo la pikipiki?"

"Hamjawahi kunipa."

"Sawa. Kwa hiyo jibu ni hapana."

"Jibu ni hamjawahi kunipa."

Kalamu ikaandika. Hata kutoka mapokezi nilisikia kwamba ilichoandika ni kifupi.

Ofisi ya Ruiru ilikwenda kwa Kimani, kijana mpole aliyekuwa amemfuata Wairimu Kiandutu akiruka mitaro kama mbuzi. Sina neno baya juu ya Kimani. Tukafanya sherehe. Tulipika. Gitau alipoita neno la shukrani watu walitazama sahani zao. Wairimu alisimama, akashika ncha za kitambaa, akamshukuru Mungu, meneja mpya na waliopika, akakaa. Sauti ilikuwa ile ile. Kimani peke yake ndiye aliyeshindwa kumaliza nyama yake.

Wiki iliyofuata akaja kijana mpya, Brian, shati jeupe, digrii, salamu nzuri. Gitau alimleta hadi kwenye meza ya Wairimu kama kawaida.

"Mama Shiku, huyu ni wako."

Wairimu alimpa kijana mkono. Kisha akasema, kwa adabu ya mtu anayekataa kuongezewa chakula, "Bwana meneja, mimi sitaweza."

"Kwa nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Sina uzoefu. Huyu anafundishwa awe meneja siku moja, na mimi sijawahi kusimamia mkopo mkubwa. Nitamharibu."

Gitau alicheka. Alipoona anacheka peke yake, alimchukua Brian hadi meza iliyofuata. Ofisi ilikuwa na maafisa wanawake watano, na hatukuwa tumekaa kupanga lolote. Ilikuwa tu ni chumba kimoja na sote tuna masikio. Wa pili akasema hana uzoefu. Wa tatu akasema angependa sana, lakini mikopo mikubwa haijui. Alipofika kwangu, mwisho wa mstari, hata hakuuliza. Alinitazama tu.

"Pole, bwana meneja," nikamwambia.

Wanaume wa pikipiki nao hawakuweza kumfundisha kazi ya vikundi, kwa sababu waliifanya miezi michache zamani wakiwa nyuma ya mtu. Brian akaingia Kiandutu peke yake. Hakuwa mjinga. Kila mama alimjibu kwa heshima na hakuna aliyemwambia kitu. Mkopo wake wa kwanza aliupitisha kwa mwenye duka mmoja, na baada ya muda nilimkuta amekaa kwenye ngazi za ofisi, tai mfukoni.

"Aki, Anti, duka lilikuwa limejaa! Hata mahali pa kuweka mguu hakukuwa. Leo nimekuta chumvi na paka."

"Ulirudi mara ya pili?"

"Kurudi kufanya nini? Si nilikuwa nimeshaliona?"

Nilimhurumia. Nilikuwa na jibu kwenye ulimi na nililimeza, na lilishuka vibaya.

Miezi ikaenda hivyo. Vijana wengine wawili wakaajiriwa, nao wakakosa wa kumfuata. Kisha Gitau akaniita, akafunga mlango, akaniagizia chai, mimi niliyekuwa nikimpikia.

"Njeri, wewe ni mtu wa kuelewa. Theta imebaki wazi. Pikipiki ipo, mpya. Unaendesha kuliko hawa wote. Chukua Theta, na komisheni yake. Wewe unifundishie tu hawa vijana."

Niseme ukweli kwamba niliitaka ile pikipiki. Wala si komisheni iliyonivuta sana. Theta sikuwa nimeijua. Kulikuwa na barabara za vumbi zinazoingia kwenye mashamba na kutokea mahali nisipopajua, na nyumba mpya zinazoota katikati ya mahindi, na miguu yangu ilikuwa ikiniwasha kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Nilimwomba anipe hadi kesho.

Nikamwambia Wairimu. Alikuwa anafunga raba.

"Chukua," akasema.

"Nichukue?"

"Pikipiki ni pikipiki. Ukikataa, mimi sitaongezewa kitu. Na wewe bado unaweza kufika mbali."

"Halafu wewe?"

"Mimi nina mkutano saa nne." Akanyanyuka, akachukua mwavuli, akaenda.

Asubuhi nilikwenda kwa Gitau. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa pale chini, plastiki bado iko kwenye kiti. Nilipanda ngazi polepole. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yote yakanitoka, yakabaki yale ya Wairimu. "Theta ni mikopo mikubwa," nikasema. "Sijawahi kusimamia mkopo mkubwa, na sijawahi kufundisha meneja. Sina uzoefu."

"Njeri, nakupa uzoefu!"

"Mpe aliyeuomba kwanza."

Nilishuka tena nikapita ile pikipiki upande wa mbali.

Mwishowe makao makuu yakamtuma bwana mmoja kutoka Nairobi, mtu wa kusikiliza kwa kichwa kilichoinama. Alituuliza mmoja mmoja kwa nini hatufundishi, kisha akatuita wanawake wote watano pamoja. "Mmenijibu maneno yale yale," akasema. "Nani aliwafundisha?"

"Ni ninyi," akasema Wairimu. "Tuliyasikia kwenye intavyu."

Yule bwana akasema kuna ofisi ndogo inafunguliwa Mwiki. Nyumba zimebanana, mikopo ya vikundi tu, eneo lote la miguu, na kati ya wanaume walioulizwa hakuna aliyeitaka. Kama Mama angependa kuwa meneja wa hapo, ni yake. Ndivyo alivyopata. Msije mkasimuliwa hadithi nyingine.

Wairimu hakushukuru. Aliuliza kama mshahara ni ule wa Kimani. Akaambiwa ofisi ndogo, daraja dogo. Akauliza kama ungepanda ofisi ikikua, akaambiwa litaangaliwa. Jambo hilo liliangaliwa hadi alipokaribia kustaafu, na pensheni yake ilitosha, haikutosha sana. Basi akaomba vitu viwili. Kwanza, lile swali la mkopo mkubwa lisiulizwe mtu ambaye hajawahi kupewa eneo lenye mikopo hiyo. Hilo walisema watalifikiria, na mnajua bado huulizwa mahali pengine. Pili, Theta itolewe Thika iwekwe chini ya Mwiki, pamoja na pikipiki yake, na maeneo yote yagawanywe kila mwaka kwa kura, mwanamume na mwanamke, anayejua kuendesha na asiyejua.

"Na asiyejua akichota Theta?" aliuliza yule bwana.

"Kuna uwanja wa mpira," akasema Wairimu.

Hilo la pili walilikubali, nadhani kwa sababu halikuwagharimu kitu. Kura tulizitia ndani ya sufuria yake kubwa ya pilau. Ndiyo hiyo sufuria. Mwaka wa kwanza nilichota vichochoro vya Mwiki, na Theta ikaenda kwa Brian, aliyeomba kuhamia kwetu ili ajifunze kazi upya, na safari hii alifundishwa. Nilinuna wiki nzima. Theta niliichota baadaye, na barabara zake nimezimaliza zote. Mliobaki mkisema kompyuta ingepanga vizuri zaidi, ulizeni kwanza nani ataiambia kompyuta mwanamke apewe nini.

Nimeruka siku ya kufika, na ndiyo ninayotaka kuishia.

Tulihama Thika wawili, mimi na yeye, tukitafuta chumba cha kuanzia hadi Shiku alete vyombo vya mamake. Thika hawakumfanyia sherehe. Gitau alisema bajeti ya burudani imeisha, na pia, nani angetoa neno la shukrani? Desturi ilisema ni aliyemfundisha, na Wairimu hakuwa amefundishwa na mtu. Aliitoa sufuria yake jikoni mwa ofisi, akaiweka kichwani, tukaondoka.

Mwiki tulizunguka ghorofa nyingi tukiwa na mizigo. Mwenye nyumba wa mwisho, mama mnene aliyekuwa anaanika nguo kwenye ngazi, alitukagua toka juu hadi chini, hasa sufuria.

"Mnataka chumba au hoteli?"

"Chumba, mami," nikasema.

"Na mabwana wenu wako wapi? Sipendi vurugu hapa."

"Wangu alikufa," Wairimu akamjibu, "na wa huyu bado hajazaliwa."

Yule mama alicheka hadi akashika ukuta. Akatupa chumba cha nyuma, sakafu ya saruji, dirisha moja linalotazama dirisha la jirani. Mlango ulikuwa wa zamani na nilikuwa nimenunua kufuli mpya dukani chini. Wairimu aliitazama ikining'inia pale.

"Uliza nani anahama," akasema.

Nilifagia. Nikashuka nikaleta chapati na maharagwe, nikayamimina kwenye ile sufuria kubwa kwa kuwa sahani hazikuwepo, yakaonekana kidogo sana ndani yake. Wairimu alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa, amevua raba, anasugua vidole. Nikasimama katikati ya chumba na kuigonga sufuria kwa kijiko.

"Naomba utulivu."

"Njeri, mwenye nyumba amesema hataki vurugu."

"Naomba utulivu. Nina neno la shukrani." Nilishika ncha za kitambaa changu cha kichwa kama alivyokuwa akifanya. "Kwanza, nawashukuru waliopika..."

"Ngai, hapana." Aliuinua mkono. "Huanzi hivyo. Kwanza Mungu, pili meneja, halafu waliopika. Miaka hiyo yote ulikuwa unasikiliza nini?"

"Meneja ni wewe."

Nje, yule mama alikuwa anamfokea mtu juu ya maji. Wairimu alizirudisha raba miguuni, moja baada ya nyingine, akazifunga kamba, akakaa wima kama siku ile juu ya pikipiki.

"Basi nishukuru," akasema.